Mali bila Daftari: Maisha ya Mary Leakey na Fuvu la Rusinga

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huichukua methali hii kuwa ni wosia wa wenye maduka na wachuuzi peke yao. Hata hivyo, taaluma nayo ni mali, na mtafiti asiyeweka kumbukumbu hana tofauti na mfanyabiashara aliyefilisika pasipo kujua fedha zake zimekwenda wapi. Maisha ya Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyefanya kazi Kenya na Tanzania kwa takriban nusu karne, yanalithibitisha jambo hili kuliko mahubiri yoyote ya darasani.

Jina lake limefungamana zaidi na Olduvai na Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Lakini mahali palipompa sifa ya kwanza duniani ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Kisiwani humo aliokota fuvu ambalo lilivuka bahari, likakaa ugenini kwa zaidi ya miaka thelathini, likagombewa, na hatimaye likarudi nyumbani kwa nguvu ya karatasi chache zilizokuwa zimetunzwa vyema. Kisa cha fuvu hilo na kisa cha mwanamke aliyeliokota haviwezi kutenganishwa.

Malezi na elimu isiyo na cheti

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na familia ilisafiri mara kwa mara barani Ulaya akitafuta mahali pa kuchora. Kwa upande wa mama, Mary alitoka katika ukoo wa John Frere, Mwingereza ambaye mwaka 1797 aliandika barua kueleza kwamba zana za mawe zilizochimbuliwa Hoxne zilikuwa za kale mno kuliko watu wa zama zake walivyodhani. Barua hiyo ilichapishwa mwaka 1800, ikapuuzwa kwa zaidi ya nusu karne, kisha ikaja kutambuliwa kuwa miongoni mwa hati za mwanzo za akiolojia. Kwa hiyo, tangu katika ukoo wake, Mary alirithi funzo kwamba neno lililoandikwa huweza kumngoja msomaji wake kwa muda mrefu.

Utotoni aliishi kwa vipindi katika eneo la Dordogne, Ufaransa, penye mapango yenye michoro ya kale. Huko alionja ladha ya uchimbaji, akichambua vifusi vilivyoachwa na wataalamu na kuvipanga vipande vya gumegume kwa aina zake. Baba yake alifariki mwaka 1926, na tangu hapo shule zikawa mateso kwake. Alifukuzwa katika shule mbili za watawa, moja kati ya hizo baada ya kusababisha mlipuko katika somo la kemia. Hakupata kamwe cheti cha kumfungulia mlango wa chuo kikuu.

Mlango ulipofungwa, aliingia kwa dirisha. Alihudhuria mihadhara ya akiolojia na jiolojia jijini London bila kuandikishwa kuwa mwanafunzi wa shahada, na kuanzia mwaka 1930 alifanya kazi katika machimbo ya Hembury, kusini-magharibi mwa Uingereza, chini ya Dorothy Liddell. Kipaji chake cha uchoraji ndicho kilichomtambulisha. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alimpa kazi ya kuchora zana za mawe kwa ajili ya kitabu chake kuhusu Fayum ya Misri. Kuchora jiwe si kazi ya mapambo. Mchoraji hulazimika kulitazama kila pigo lililolichonga jiwe hilo, mahali lilipoanzia na mahali lilipoishia, kisha kuliweka katika karatasi ili msomaji aliye mbali aweze kulisoma. Huo ndio uliokuwa uandishi wa kwanza wa Mary, na uaminifu alioujenga hapo haukumwacha hadi uzeeni.

Kuja Afrika Mashariki

Ni Caton-Thompson aliyemkutanisha, mwaka 1933, na Louis Leakey, mtafiti aliyezaliwa Kabete na wazazi wamisionari. Louis alikuwa na mke na watoto wakati huo, na uhusiano wao ulizua kashfa katika duru za wasomi wa Cambridge. Mwaka 1935 Mary alifika Olduvai kwa mara ya kwanza, na wawili hao walioana mkesha wa Krismasi mwaka 1936.

Nchini Kenya Mary hakukubali kuwa kivuli cha mumewe. Mwaka 1937 alianza kuchimbua Hyrax Hill karibu na Nakuru, na mwaka 1938 wakachimbua Pango la Mto Njoro, palipokuwa mahali pa maziko ya kale. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliisimamia kazi ya Olorgesailie, ambako zana za mawe zilitapakaa ardhini kwa wingi wa kustaajabisha. Zana nyingi ziliachwa pale pale zilipokutwa ili wageni wazione katika mpangilio wake. Uamuzi huo ulitokana na imani yake kwamba kitu kilichong'olewa mahali pake bila maelezo hupoteza nusu ya maana yake.

Rusinga, Oktoba 1948

Rusinga ni kisiwa cha Wasuba, jamii ambayo lugha yake ya asili ni ya Kibantu ingawa wengi wao kwa muda mrefu wamekuwa wakizungumza Dholuo. Kabla ya kuwapo kwa njia ya kukiunganisha na Mbita, watafiti walikifikia kwa mashua. Udongo wake umejengwa na majivu ya volkano ya kale ya Kisingiri, na majivu hayo yamehifadhi mifupa, mbegu, majani na hata wadudu wa enzi ya Miosini, yapata miaka milioni 18 iliyopita.

Louis alikuwa akikifahamu kisiwa hiki tangu miaka ya 1930, na vipande vya mataya ya kiumbe wa jamii ya sokwe vilikuwa vimekwisha kuokotwa humo. Kiumbe huyo alikuwa na jina tayari. Mwaka 1933 mtaalamu Arthur Hopwood, akitumia visukuku vilivyotoka Koru, alimwita Proconsul, kwa kuwa Consul lilikuwa jina mashuhuri la sokwe waliofugwa na kuonyeshwa kwa umma. Maana yake ilikuwa kwamba huyu ndiye aliyemtangulia Consul. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuiona sura yake.

Tarehe 2 Oktoba 1948 Louis alikuwa akishughulika na kisukuku cha mamba. Mary, ambaye hakuvutiwa na mamba, alijitenga na kuanza kukagua mteremko uliokuwa jirani. Aliona vipande vya mfupa vikiwa juu ya ardhi, kisha jino likichungulia kutoka udongoni. Alipomwita mumewe, wakatambua kwamba nusu ya uso wa kiumbe ilikuwa mbele yao. Siku zilizofuata zilikuwa za kuchekecha udongo na kuunganisha vipande, kazi ambayo Mary aliifanya kwa subira ya mshona lulu. Kwa mara ya kwanza uso wa Proconsul ukaonekana.

Mary mwenyewe alilipeleka fuvu hilo Uingereza kwa ndege, akiwa amelifungia katika kisanduku alichokishika mkononi safari nzima. Waandishi wa habari na wapiga picha walimsubiri uwanjani. Kutoka hapo lilifikishwa Oxford kwa Wilfrid Le Gros Clark, mtaalamu wa anatomia, ambaye alilichunguza. Baadaye likawekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza la historia ya viumbe, jijini London. Katika vichwa vya waliolitoa Kenya, fuvu lilikuwa limekwenda kwa mkopo. Neno hilo moja, mkopo, ndilo lililokuja kuwa kiini cha mzozo.

Daftari la Kondoa, Olduvai na Laetoli

Umaarufu haukumbadilisha Mary. Mwaka 1951 walikwenda Kondoa, Tanganyika, ambako yeye alitumia miezi kadhaa kunakili michoro ya mapangoni. Alinakili takriban michoro 1,600, akiifuatisha mstari kwa mstari. Sehemu ya kazi hiyo ilichapishwa kitabuni mwaka 1983, na mahali ambapo jua, mvua na mikono ya watu imeifuta michoro yenyewe, nakala zake zimebaki kuwa shahidi.

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa amelala kambini kwa homa, Mary aliona huko Olduvai meno na sehemu ya fuvu la kiumbe aliyekuja kuitwa Zinjanthropus. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliitia pwani ya Afrika Mashariki na ambalo wanafunzi wa historia ya Kiswahili wanalifahamu vyema. Fuvu hilo, lililokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75, liliunganishwa kutokana na mamia ya vipande, na mwaka 1965 lilikabidhiwa kwa Tanzania.

Tangu hapo Mary alifanya Olduvai kuwa makao yake. Kila jiwe na kila mfupa uliotoka ardhini uliwekewa alama katika ramani ya machimbo kabla ya kuhamishwa. Matunda ya kazi hiyo yalitoka mwaka 1971 katika juzuu kubwa kuhusu tabaka la kwanza na la pili la Olduvai. Louis alikuwa mwepesi wa kutangaza nadharia, na baadhi ya nadharia zake zilipitwa na wakati. Mary alisita kutangaza na akaharakisha kuandika. Wanaompinga katika tafsiri bado huweza kuzitumia ramani zake.

Louis alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Miaka sita baadaye, mwaka 1978, kikosi cha Mary huko Laetoli kilifunua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo zilipigwa picha, zikapimwa, zikachukuliwa umbo lake, kisha zikafukiwa tena ili zilindwe.

Fuvu linarudi nyumbani

Wakati huo fuvu la Rusinga lilikuwa bado London. Kenya huru, iliyokuwa na jumba lake la makumbusho la taifa jijini Nairobi, ilipolidai, jibu lililopatikana ni kwamba lilikuwa limetolewa zawadi. Louis, ambaye angeweza kutoa ushahidi, alikuwa kaburini. Miongo mitatu ilikuwa imepita, serikali ya kikoloni iliyohusika na mapatano hayo haikuwapo tena, na kumbukumbu ya kinywa haikuweza kusimama mbele ya taasisi kubwa kama ile. Kwa hali ilivyokuwa, kisiwa cha Rusinga kilielekea kulipoteza fuvu lake kwa sababu ya neno moja.

Kilichoiokoa hali hiyo ni upekuzi. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, miongoni mwa majalada ya enzi ya ukoloni, zilipatikana barua zilizoonyesha bayana kwamba fuvu lilipelekwa London kwa mkopo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fuvu la Proconsul likarudi Nairobi. Karani aliyeziandika, aliyezihifadhi nakala zake na kuziweka katika jalada stahiki hakujua kwamba alikuwa akilinda urithi wa taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa. Na aliyezitafuta asingezipata iwapo majalada yale yasingekuwa na mpangilio unaofuatika.

Katika kipindi hicho hicho, kisa kingine cha Rusinga kiliibuka, nacho kilikuwa kinyume cha kile cha kwanza. Mwaka 1951 mwanajiolojia Thomas Whitworth alikuwa amechimbua kisiwani sehemu za mifupa ya Proconsul pamoja na mifupa ya wanyama wengine. Mifupa ya mkono ilielezwa katika chapisho la mwaka 1959. Zaidi ya miaka ishirini ikapita kabla ya Alan Walker na Martin Pickford kupekua droo za jumba la makumbusho na kugundua kwamba sehemu nyingine za mnyama yule yule zilikuwa zimelala humo, zikiwa zimechanganywa na visukuku vya wanyama wasiohusika. Vipande vya fuvu la Mary navyo vilipatikana kwa njia hiyo hiyo, na kwa msaada wake ukubwa wa ubongo ukaweza kukadiriwa vizuri zaidi. Mifupa hii haikupotea porini, bali ilipotelea kabatini, chini ya lebo isiyo yake.

Jina moja, majina matatu

Mary alihama Olduvai mwaka 1983 na kwenda kuishi Nairobi. Mwaka 1984 alichapisha tawasifu yake. Msichana aliyefukuzwa shule mara mbili alikuwa sasa amepewa shahada za heshima na vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo Oxford mwaka 1981. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na umri wa miaka 83.

Fuvu lake liliendelea kuishi, na jina lake halikutulia. Lilipookotwa lilihesabiwa kuwa la Proconsul africanus. Mwaka 1993 Walker na wenzake walilitenga katika spishi mpya waliyoiita Proconsul heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Louis Leakey tangu miaka ya 1920 na aliyekuwa na jicho kali la kutambua visukuku. Kwa miaka mingi watu wa aina yake walitajwa kwa uchache katika machapisho, ilhali bila wao machapisho yenyewe yasingekuwapo. Mwaka 2015 watafiti walikwenda mbele zaidi, wakaliweka katika jenasi mpya, Ekembo, jina lililochukuliwa kutoka Kisuba. Kwa hiyo lugha ya kisiwa, ambayo idadi ya wazungumzaji wake imekuwa ikipungua, ikaingia katika istilahi za sayansi duniani.

Mabadiliko haya yana uzito kwa kila anayeketi mbele ya hifadhidata ya maktaba. Mwanafunzi atakayetafuta neno Ekembo peke yake atapata maandishi ya tangu mwaka 2015 na kukosa miaka zaidi ya sitini ya utafiti. Atakayetafuta Proconsul africanus pekee ataletewa ya zamani, na humo atachanganyiwa visukuku vya Koru na vya Rusinga. Sharti ayajue majina yote matatu, ayatafute yote, na aandike ni chapisho lipi lilitumia jina lipi na mwaka gani. Ndivyo ilivyo pia kwa Olduvai, ambayo wengi sasa huiandika Oldupai kwa kufuata Kimaasai, na kwa Laetoli, ambayo maandishi ya zamani huiita Laetolil. Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuliona tatizo hili. Jina la mshairi mmoja wa pwani huandikwa kwa tahajia tatu au nne, na utenzi mmoja huweza kuwa na anwani tofauti katika kila mswada. Anayejua tahajia moja tu hudhani kwamba hapana kilichoandikwa, kumbe yeye ndiye hajabisha hodi katika mlango uliostahili.

Hitimisho

Mary Leakey hakuwa na shahada ya kusomea, na kompyuta zilipoanza kuingia maktabani yeye alikuwa ameumaliza utafiti wake mkubwa. Zana zake zilikuwa penseli, karatasi ya ramani na uvumilivu. Lakini aliyoyafanya kwa mkono ndiyo yanayofundishwa leo katika mafunzo ya maktaba: kukiandika kila kitu mahali kilipopatikana, kukipa alama isiyofanana na ya kingine, na kuacha njia ambayo mwingine ataweza kuifuata mpaka kwenye chimbuko. Programu za kupanga marejeleo zimerahisisha kazi hiyo. Hata hivyo, programu hutunza kile tu ilichopewa, na mtafiti akiingiza mwaka usio sahihi au akaacha nambari ya ukurasa, kosa hilo litahifadhiwa kwa uaminifu ule ule ambao ungelihifadhi ukweli.

Rusinga imetoa mashahidi wawili wa jambo hili. Shahidi wa kwanza ni fuvu lililorudi nyumbani kwa kuwa barua zake zilitunzwa. Shahidi wa pili ni mifupa iliyolala drooni miaka ishirini na zaidi kwa kuwa ilichanganywa na isiyohusika. Vyote viwili vilitoka katika udongo wa kisiwa kimoja, na kilichovitofautisha ni daftari.